Kifaranga wa Pili

Kofia ilikuwa na jasho.

Haukuwa unyevu wa mvua, maana mvua haikunyesha kwa wiki tatu. Hakuna aliyemwaga maji pia, maana kofia ilikaa rafu ya juu, ndani ya boksi lake, na kifuniko juu. Mama Jicho aliingiza vidole akagusa ule mkanda wa ngozi unaozunguka kofia kwa ndani, ambao mafundi huuita mkanda wa jasho, akaukuta umelowa na una joto. Akanusa vidole. Lilikuwa jasho bichi la mwanamume aliyetembea sana juani. Na kofia ile ilikuwa haijakaa kichwani mwa mtu kwa miaka sabini.

"Mungu wangu," alisema. Halafu akajicheka, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha rafuni. Ndivyo tulivyo wanadamu. Jambo likija mlangoni kwa miguu yake, tunaliambia limekosea nyumba.

Duka lake lilikuwa la kofia kuukuu. Msicheke. Wapo watu wanaozitafuta kofia za babu zao kuliko wanavyowatafuta babu wenyewe, na wakiipata moja wanataka kujua ni ya lini. Hapo ndipo walipomhitaji Mama Jicho. Kofia haina cheti cha kuzaliwa, lakini ina lebo. Lebo yenye namba ya simu ya tarakimu tatu ni kongwe kuliko ya tarakimu tano. Lebo yenye jina la mtaa lililokwishabadilishwa haiwezi kuwa ya baada ya mabadiliko. Bitana ya mshono wa mkono huyumba kidogo, ya cherehani haiyumbi. Mama Jicho alikuwa akiigeuza kofia mara moja, anaitazama tumboni, anataja mwaka, na wateja wanatikisa vichwa kwa mshangao.

Kofia alizozijua kuliko zote zilikuwa za karakana iliyoitwa Jogoo. Karakana hiyo ilifungwa zamani. Mwenyewe alianza peke yake, na lebo zake za kwanza zina jogoo mmoja, ametariziwa kwa uzi mwekundu. Wanawe wawili walipokua akawaingiza kazini, akaongeza vifaranga wawili wa manjano chini ya jogoo. Mzee akafa. Mtoto mkubwa akamfukuza mdogo wake ili karakana iwe yake peke yake. Lakini lebo za vifaranga wawili zilikuwa zimejaa makabatini, na bwana yule alikuwa bahili hata wa kutupa uzi, kwa hiyo akawaketisha wafanyakazi na sindano, wamfumue kifaranga wa pili, lebo moja baada ya nyingine, mpaka akiba iishe. Ndiyo maana kwa mwaka mmoja tu kofia za Jogoo zilitoka na kifaranga mmoja, na kando yake vitundu vidogo vya sindano mahali alipokuwa mwenzake. Wakusanyaji wanauita mwaka wa matundu. Kofia ya mwaka huo ni adimu, wengi hufa hawajaiona.

Na yule mdogo? Wanasimulia kwamba alirudi kila siku adhuhuri, akagonga mara tatu, akasema, "Mimi ni wa humu." Kaka yake aliwafundisha wafanyakazi jibu moja: "Hatukujui." Siku moja hakugonga. Walipofungua jioni wakamkuta ameegemea ukuta, kofia imeloa jasho, amekwisha.

Hadithi hiyo Mama Jicho aliisimulia kwa wateja kila wiki, na kila mara akimaliza alisema, "Ndugu gani yule!" Ulimi hauna mfupa jamani.

Maana na yeye alikuwa na mdogo wake. Marehemu baba yao aliwaachia duka wote wawili, na kwenye ubao wa mlangoni alichora kofia mbili kwa mkono wake, moja ya kila binti. Nitasema kweli ingawa kweli inauma: jicho halikuwa la Mama Jicho. Lilikuwa la mdogo, yule waliyemwita Kimya, ambaye alikuwa akinusa gundi ya ukingo tu anajua kofia ni ya kabla au ya baada ya vita vikuu. Mkubwa alikuwa na mdomo. Mwaka uliofuata kifo cha baba, jumba moja la makumbusho lilichukua kofia kwao, na tarehe ikagundulika si sahihi, tena kwa miaka ishirini. Aibu ikaenea. Tarehe ile aliiandika Mama Jicho. Lakini watu wa makumbusho walipokuja, alimnyooshea kidole mdogo wake mbele ya wateja wote akasema, "Ni huyu. Nimechoka kumfichia."

Kimya alimtazama tu. Akachukua mkoba wake, akatoka, akaenda kushona sare za shule mtaa wa pili. Jioni ile Mama Jicho akapanda ngazi na kopo la rangi, akaifuta kofia moja kwenye ubao. Ilikuwa miaka sita iliyopita.

Ukimuuliza alikuwa na nini duniani, asingekutajia duka. Angekutajia Kifungo, bintiye wa miaka minane, aliyempata baada ya kungoja miaka tisa huku mawifi wakimhesabia miezi. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa malori, anapiga simu kila Ijumaa. Wengine wote walikuwa wapita njia. Kifungo akitoka shule mchana alikuwa akisukuma mlango wa duka kwa bega na kuita "Mama!" kabla hajaingia, na Mama Jicho, hata akiwa na mteja mkubwa namna gani, aliacha kila kitu akageuka.

Sasa, kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akiandika kitabu juu ya kofia za Jogoo. Alikuwa nazo za kila aina isipokuwa ya mwaka wa matundu. "Ukinipatia hiyo, Mama Jicho," alimwambia, "ukurasa wa kwanza ni wako. Nitaandika: jicho lisilokosea."

Maneno hayo hayakumtoka kichwani. Kofia ya vifaranga wawili alikuwa nayo, safi, haina kasoro. Jumatatu adhuhuri alifunga mlango, akaketi dirishani na sindano, akaanza kumfumua kifaranga wa pili. Alikuwa na mishono thelathini na mmoja. Thelathini ilitoka bila shida. Wa mwisho ulikataa, akauvuta, ukakataa, akaung'ang'ania kwa meno, na ulipotoka alisikia karibu kabisa na sikio lake mtu akivuta pumzi kwa uchungu, kama anayetolewa mwiba. Aligeuka. Hakuna mtu. Akazipuliza nyuzi zikaanguka chini, akazifagia nje.

Jumanne asubuhi ndipo alipokuta jasho.

Jumatano adhuhuri mlango uligongwa mara tatu. "Karibu," akasema. Hakuna aliyeingia. Akafungua, akaona barabara, jua, na paka wa jirani. Akafunga. Mara tatu tena, na safari hii akasikia sauti ya chini, ya mtu mwenye adabu na kiu: "Mimi ni wa humu." Duka likajaa harufu ya karakana ya kofia, gundi na manyoya yaliyolowa. Akatoka nje anakimbia, akaingia kwa kinyozi wa mlango wa pili, mtu aliyesalimiana naye kila asubuhi kwa miaka kumi.

"Jamani nipe maji," akamwambia.

Kinyozi akampa maji kwa heshima zote. "Pole, dada. Mgeni mtaa huu?"

"Acha utani wako leo."

"Utani gani tena?" Kinyozi alicheka kidogo, akawatazama wateja wake, nao wakamtazama Mama Jicho wote, kwa upole, kama mnavyomtazama mtu aliyepotea njia.

Alirudi nyumbani akajiambia ni jua kali. Alhamisi muuza magazeti hakumjua. Mwenye nyumba alimuuliza anamtafuta nani. Ijumaa simu ya mume ikaja, akaipokea kwa haraka, "Halo, baba Kifungo?"

Sauti ya mumewe ikasema upande wa pili, "Nani mwenzangu? Umeipata wapi simu ya mke wangu?"

"Ni mimi."

"Wewe nani? Mpe simu mwenyewe, tafadhali. Mpe, dada yangu, nisikasirike bure."

Mama Jicho akakata simu. Alienda sebuleni ilikokuwa picha ya familia ukutani, waliyopiga Kifungo alipotimiza mwaka, akaisogelea ili ajione, maana mtu akianza kukataliwa na kila mtu hukimbilia ushahidi, na mumewe alikuwepo na suti ya kuazima, na Kifungo alikuwepo na gauni jeupe, na mahali pake yeye, pale katikati palipokuwa na uso wake, mabega yake na mkono uliomshika mtoto, palikuwa na vitundu vidogo vya sindano, vimepangwa mstari kwa mstari, safi kabisa, kazi ya fundi, na kupitia vitundu vile rangi ya ukuta ilikuwa inaonekana.

"Mama mdogo," sauti ya Kifungo ikasema nyuma yake, "mbona unalia?"

Mama mdogo. Mama Jicho alipiga magoti akamshika mtoto mabega. "Mimi ni nani? Kifungo, niambie vizuri. Mimi ni nani?"

Mtoto aliogopa. Akafikiri. Alifikiri muda mrefu mno kwa swali la namna ile. "Ni... mama?" akajibu, kama anayebahatisha hesabu ubaoni.

Hapo akajua jambo lile linataka nini. Mume, mtaa, kinyozi, vyote vilikuwa njia tu. Lilikuwa linamwendea mtoto.

Jumamosi alfajiri alimkimbilia bibi mmoja mganga aliyekaa nyuma ya gereji. Alimkuta na ungo mapajani anachambua mchele. Akamweleza yote, au tuseme yote aliyopenda kuyaeleza, akampa ile kofia. Bibi aliitazama lebo bila kuigusa.

"Ni mzimu wa yule kijana?" Mama Jicho akanong'ona.

"Wafu hawarudi, mjukuu wangu. Wakirudi nani atawalisha?" Bibi alitoa jiwe kwenye mchele akalirusha uani. "Huyu ni jini. Alikaa na yule kijana siku zile za ukutani, akajifunza kula kile mwenzake alichonyimwa. Kujulikana. Kisha akalala kwenye lebo ya kofia yake hii, juu ya mishono, hana shida na mtu. Wewe umemwamsha kwa sindano, tena saa ileile."

"Nifanye nini, bibi? Nina mtoto mmoja tu."

"Mambo mawili. La kwanza, mrudishe kifaranga kwa mkono wako. Hilo litamtuliza. La pili, mrudishe yule uliyemfumua wewe mwenyewe. Umwite, useme kosa lako mbele yake na mbele ya shahidi, kabla jua la kesho halijapita utosini. Hilo litamtoa."

"Mimi sijamfumua mtu."

Bibi aliendelea kuchambua mchele. "Haya. Ila usichelewe. Hata mimi nimeanza kusahau umekuja na shida gani."

Alirudi akatafuta uzi wa manjano, akatarizi mchana kutwa. Mishono thelathini na mmoja, kila mmoja katika kitundu chake. Alipokaza fundo la mwisho, mkanda wa jasho ulikuwa umekauka kau. Duka likanuka kofia kuukuu na vumbi, harufu yake ya siku zote, akalia kwa furaha. Halafu akachukua simu akapiga namba ambayo hakuipiga kwa miaka sita.

"Ni mimi," akasema, akiogopa jibu.

"Najua ni wewe, dada," Kimya akajibu. "Ningekusahau vipi wewe?"

Neno hilo *dada* lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Watu wote waliokula naye walikuwa wamemsahau, na aliyemtupa nje ndiye aliyemkumbuka. "Njoo dukani kesho kabla ya adhuhuri. Nina neno la kukwambia."

"Nimelingoja neno hilo, dada. Nitakuja."

Jumapili Mama Jicho aliamshwa na Kifungo akimrukia kitandani. "Mama! Mama, njaa!" Hakubahatisha wala hakufikiri. Kwenye picha ukutani uso wake ulikuwa umerudi, umefifia kidogo tu. Kinyozi akampungia mkono. Na hapo ndipo moyo wake ulipoanza kumdanganya. Bibi alisema mambo mawili, lakini la kwanza si limetosha? Kuna haja gani ya kufukua ya zamani? Mgonjwa akipata nafuu humwona daktari ana maneno mengi.

Alimwacha Kifungo akicheza na watoto wa kinyozi, akafungua duka. Kimya alikuja saa sita kasorobo, na gauni lake la kazi lenye vipande vya uzi mabegani. Amekonda. Akasimama katikati ya duka la baba yake akizitazama rafu, akanusa hewa, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mama Jicho alimvutia kiti. "Umependeza," akasema, na wote wawili walijua si kweli.

"Sema, dada," Kimya akasema taratibu. "Likitoka moja, mengine yatafuata."

Akafungua mdomo. Wallahi alikuwa anataka kusema. Lakini mlango ukasukumwa akaingia mwalimu mstaafu na daftari kwapani, na nadhani jini ndiye aliyemwacha huyu amkumbuke Mama Jicho wiki nzima, makusudi.

"Mama Jicho! Ile kofia?"

"Bado sijaipata, Mwalimu."

"Si kitu, nitasubiri. Ukurasa wa kwanza nimeshauandika hata hivyo." Akafungua daftari. "Jicho lisilokosea. Nimegusia na ile aibu ya makumbusho, watu wasije wakanisuta. Nimeandika kwamba lilikuwa kosa la mdogo wako." Akamwona Kimya, akamtambua. "Samahani, binti, ndivyo nilivyosikia. Au sivyo, Mama Jicho? Niambie kabla kitabu hakijaenda kuchapwa."

Shahidi ndiye huyo. Mdogo ndiye huyo. Jua lilikuwa karibu na utosi. Kimya aliinua macho akamtazama dada yake, na katika macho yale hapakuwa na hasira hata chembe, palikuwa na kungoja, na Mama Jicho akaona upande mmoja ukurasa wa kwanza na upande mwingine midomo ya mtaa mzima ikisema kumbe, kumbe alikuwa yeye, kumbe miaka yote hii, na akakumbuka sauti ya Kifungo asubuhi, nzima kabisa, ikimwita mama, akajiambia yamekwisha, yamekwisha, sasa kuna haja gani, na mdomo wake, ule mdomo uliokuwa hodari kuliko macho yake, ukasema:

"Ndivyo, Mwalimu. Lilikuwa lake."

Mwalimu akaandika.

Kimya alifumba macho. Chozi moja likamshuka. "Nilikuwa nakuombea useme," alinong'ona. "Nilikuwa nakuombea, dada."

Juu ya rafu, ndani ya boksi lenye kifuniko, kitu kikagonga mara tatu.

Harufu ya gundi na manyoya mabichi ikajaa chumba. Kimya alipofumbua macho aliangaza huku na huku kama aliyesinzia, akajifuta shavu, akashangaa kwamba limelowa. Akainuka. Akaenda nyuma ya meza ya duka, akasimama pale kama mtu ambaye hajawahi kuondoka.

"Samahani, mama," alimwambia dada yake, kwa ukarimu wote. "Ulikuwa unatafuta kofia gani?"

"Kimya. Kimya, ni mimi. Lilikuwa langu lile kosa. Mwalimu, futa! Lilikuwa langu, niliandika mimi!"

Mwalimu alimtazama kwa huruma, halafu akamgeukia Kimya. "Unamfahamu huyu?"

"Hapana, Mwalimu. Maskini. Labda ni jua."

Mlango ukasukumwa kwa bega. "Mama!" Mama Jicho aligeuka kama alivyogeuka kila siku, mikono imefunguka. Kifungo alisimama ghafla mbele ya mikono ile. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo," akamwambia, akampita, akamkumbatia Kimya kiunoni.

Walimtoa taratibu, kwa maneno mazuri, wakampa na maji kwenye chupa. Hakuna aliyemsukuma. Nje alitazama juu. Kwenye ubao kofia aliyoifuta miaka sita iliyopita ilikuwa imerudi, rangi mbichi kabisa. Kando yake, ndani ya mbao ngumu, palikuwa na vitundu vya sindano, mstari kwa mstari.

Alirudi kesho yake adhuhuri, na keshokutwa. Mpaka leo anakuja, jasho likimtiririka shingoni, na anagonga mara tatu tu, kwa adabu, maana akigonga zaidi mtoto huogopa.

"Mama," Kifungo huita ndani, "kuna mtu mlangoni."

"Anasema nini?"

"Anasema yeye ni wa humu."

"Unamjua?"

Mtoto husogea dirishani, akachungulia vizuri, maana amefundishwa asiseme uongo.

"Hapana," hujibu. "Simjui."